Filamu ya Mlango Mmoja

“Mize, mtu akikaa akautazama mlango uliofungwa mpaka machozi yakamtoka, huyo ni mzima?”

Sikuzani, jirani wa nyumba ya pili, aliuliza hivyo siku moja juu ya ukuta wa ua, mikono yake ikiwa bado na mabaki ya nazi aliyokuwa akiikuna. Alikuwa akimsema Wahida, binti wa Bi Mize. Alimwona dirishani na laptopu mapajani, akitazama filamu ambayo ndani yake hamkuwa na kitu ila mlango. Lakini Bi Mize hakuwa na habari ya filamu yoyote. Alidhani anasemwa yeye. Aliinama kwenye ungo wake, akaendelea kuchagua mchele, akajibu taratibu kwamba uzima wa mja anaujua Mola wake.

Mambo yenyewe yalianza kabla ya hapo, stendi ya Bagamoyo, mwezi wa Mfunguo Mosi, Ramadhani imekwisha, wakati harusi zinafuatana na wapambaji hawapati hata nafasi ya kula.

Wahida alikuwa mpambaji wa hina. Siku hiyo alishuka kwenye bodaboda amevaa baibui jeusi lenye nakshi za fedha mikononi, mtandio wa zambarau kichwani, ncha za vidole zimekolea wekundu wa kazi yake. Udi aliojifukiza ulishinda harufu ya mafuta ya magari na mihogo ya kukaanga. Makondakta walikuwa wanagombania abiria wa Makumbusho, na mbele ya duka la kuweka muvi kwenye flashi spika kubwa zilikuwa zinatoa sauti nzito ya mwanamume, akisimulia kwa Kiswahili mapigano ya Wachina. Akaingia humo.

Nyuma ya kompyuta alikaa kijana mrefu, fulana yake nyeupe imepigwa pasi mpaka mikono imesimama, kofia ya kushonwa kwa mkono ameilaza upande. Jina lake Abdulnasir. Alimkaribisha, akamuuliza anataka ya mapigano, ya mapenzi au ya kuchekesha.

“Ya kutisha,” Wahida alisema. “Lakini isimrushe mtu.”

“Dada yangu, hiyo ni kama kuagiza pilipili isiyowasha.”

Wahida hakucheka. Alimweleza kwamba bibi harusi akishapakwa hina hukaa miguu ameinyoosha mpaka ikauke, na hapo ndipo anapotaka kitu cha kutazama. Ya kuchekesha inamtikisa. Ya mapenzi inamliza, anataka kujifuta macho kwa mikono yenye hina. Juzi kuna mmoja katazama mapigano, kapiga teke bakuli likamwagikia shuka la mama mkwe. Yeye anataka filamu ya kumkalisha mtu kimya.

“Basi ninayo moja,” Abdulnasir akasema. “Kila aliyeichukua kairudisha.”

“Ina ubaya gani?”

“Haina kitu. Hata mimi nimeshindwa kuitafsiri, wenyewe hawasemi.”

Ndipo Wahida alipoitambua ile sauti ya kwenye spika. “Kumbe ni wewe. Kila Mchina ninayemsikia anaongea kama mtu wa Mlingotini.”

“Ni kwetu,” Abdulnasir alisema, akamwekea filamu huku anatabasamu. Alimpa na namba ya simu, eti flashi ikikataa kufunguka.

Flashi haikukataa. Simu ilipigwa kesho yake mchana, na Abdulnasir, aliyekuwa ameilaza simu mezani uso juu tangu asubuhi, aliiacha iite kidogo asionekane ana pupa.

“Umeniharibia kazi,” Wahida alisema.

“Karuka?”

“Hakuruka. Kanishika mkono kwa nguvu, hina yote ikahamia kwangu. Na wala hakuna kilichotokea. Yule mwanamke alikuwa anaosha kikombe tu.”

Abdulnasir aliomba radhi, akasema atamtafutia nyingine. Wahida akamwambia hataki nyingine.

“Sasa umependa nini humo? Hadithi yake iko wapi?”

“Haipo. Mume kafa, mke kabaki kwenye nyumba, mwishoni anafungua mlango. Ningekusimulia yote wakati unafunga kamba za viatu.” Akaendelea kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa na nyumba yake mwenyewe. “Lakini pale anapoosha kikombe, maji yanatiririka, na picha haimwangalii yeye. Inaangalia korido nyuma yake. Hakuna anayekuja. Hakuna ngoma ya kutushtua. Na mimi nikajikuta nimepandisha miguu kitandani. Muvi zako nyingine zinanitisha kwa kunipigia kelele sikioni. Hii imenitisha kwa kuniacha peke yangu.”

Abdulnasir alizima spika za nje, akafunga duka nusu, akaitazama filamu upya. Mara ya kwanza aliipeleka mbele akitafuta maneno ya kutafsiri. Sasa aliiacha iende kwa mwendo wake. Alisikia saa ya ukutani, bomba likidondosha, ubao ukilia juu ya dari. Jasho jembamba lilimtoka mgongoni saa nane ya mchana, na nje wapiga debe wanaita abiria.

“Umeuona ule mkeka karibu na mlango?” alimuuliza Wahida alipompigia. “Ncha yake inacheza.”

“Upepo huo.”

“Upepo umepita wapi, na madirisha yamefungwa?”

“Ndiyo nikakwambia, Mlingotini.”

Basi ikawa hivyo. Wengine huanza kwa mashairi, hawa wawili walianza kwa kikombe na mkeka. Kila siku simu, habibti umekula, habibti umemaliza kupamba, leo nimeona kitu dakika ile anapopanda ngazi. Wakaanza kuonana mchana kweupe kwenye benchi la muuza juisi ya miwa karibu na soko, Wahida na mtandio wa kijani leo, kesho wa maji ya kunde, na Abdulnasir akidai kwamba anavaa hivyo ili amchanganye asimtambue. Wahida alimwambia mtu anayetafuta mkeka gizani hawezi kukosa mtandio mchana.

Mwezi ulipopinduka, Abdulnasir alisema anataka kuwatuma wazee wake. Wahida aliinamisha macho kwenye glasi ya juisi. Furaha ilimpanda usoni, kisha ikashuka.

“Watakaa wapi?” aliuliza.

Abdulnasir hakuelewa. Ndipo Wahida alipomwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

Nyumba yao ya Dunda, kama nyumba nyingine za zamani za mtaa ule, ina chumba cha mbele cha kupokea wanaume, sebule, mkono wa kulia ukiingia. Hicho kilikuwa chumba cha baba yake, Maalim Msabaha, Mungu amrehemu. Alisomesha humo, alipokea watu humo, na kila posa ya ukoo ilipokelewa humo. Kwa kuwa hakuna aliyejua ndani kuna nani, Bi Mize hakuingia bila kubisha. Siku moja baada ya alasiri alimpelekea mumewe kahawa. Akabisha hodi. Kimya. Akabisha tena, na tena. Adabu ya dini ni kwamba ukibisha mara tatu usijibiwe, unarudi. Bi Mize akarudi jikoni na kahawa yake, akijua Maalim ana wageni au yumo kwenye uradi. Magharibi ilipoingia bila yeye kutoka kwenda msikitini, wakaufungua mlango. Ulikuwa ni moyo. Daktari alisema, kama angeonwa mapema kidogo, huenda.

“Eda ilikwisha zamani,” Wahida alisema. “Lakini kila siku baada ya alasiri mama anakwenda pale mlangoni. Anabisha mara tatu. Anasema, Maalim, umelala? Halafu anarudi jikoni. Haufungui. Na hakuna anayethubutu kuufungua. Kwa hiyo wazee wako nitawakalisha wapi, Abdulnasir? Uani na kuku?”

Sasa Abdulnasir alijua kwa nini msichana huyu aliielewa ile filamu kuliko watu wote wa stendi. Alitamani kumshika mkono, akaacha kwa heshima ya barabara. Alisema watangoja. Na alikusudia kungoja.

Lakini kazi yake haikumfundisha kungoja. Mtafsiri wa muvi hulipwa kwa kuziba kimya. Wahusika wakinyamaza, yeye anasema. Wakitembea tu, anaeleza wanakwenda wapi. Na kama hakuna cha kueleza, anatukana kidogo watu wacheke. Jumamosi iliyofuata, kibanda kimoja cha video kilimwalika atafsiri moja kwa moja, kipaza sauti mkononi, na yeye kwa mapenzi yake mapya akachagua filamu ile ile. Alitaka na wengine waone alichoonyeshwa.

Watu walivumilia kikombe. Walivumilia ngazi. Picha iliposimama kwenye mlango isiondoke, miluzi ikaanza. Mmoja akauliza kama umeme umekatika. Mwingine akamwambia Abdulnasir, Nasri, amka, tumelipa. Kijana wa watu akahisi kimya kile kinamkaba, na kabla hajafikiri, mdomo ukafanya kazi uliyozoea. Aliifanya sauti yake iwe nyembamba, ya mwanamke mzima.

“Hodi,” alisema kwenye kipaza sauti. “Hodi. Hodi, Maalim. Umelala?”

Kibanda kizima kiliganda. Wanaume walioishiwa subira walishika pumzi. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na mtu mmoja wa mbele alikuwa anairekodi kwa simu.

Kile kipande kilisambaa. Kilifika Mapinga kabla ya Jumatatu. Watu wakakiweka kwenye makundi ya simu, watoto wa madrasa wakaanza kubishiana hodi hivyo kwa mzaha. Kikafika Dunda, kwenye simu ya Sikuzani, ambaye alikifungua uani baada ya alasiri na sauti juu. Upande wa pili wa ukuta Bi Mize alikuwa ndiyo kwanza ameinua mkono kubisha. Akayasikia maneno yake yenyewe yakitoka hewani kwa sauti isiyo yake.

Aliushusha mkono. Siku ile hakubisha, wala siku iliyofuata. Alihamisha mswala wake akauweka ukumbini mbele ya mlango ule, akawa anakaa hapo baada ya swala, hasemi. Wahida alisema baadaye kwamba zile hodi zilimtisha kwa miaka, lakini kukosekana kwake kulimtisha zaidi. Nyumba ilikuwa kama mtu aliyevuta pumzi akasahau kuitoa.

Wahida alikwenda stendi. Hakujipamba, baibui la nyumbani na mtandio mweusi. Wateja walikuwa wamejaa dukani, akangoja mpaka wa mwisho alipotoka, maana hakuwa mtu wa kugombana mbele za watu. Abdulnasir alisimama. Alikwisha kujua.

“Nilikupa wewe,” Wahida alisema. “Sikuwapa watu wa Mapinga.”

“Wahida, nilikuwa—”

“Uliogopa kimya. Ile filamu yote inamwambia mtu akae nacho, na wewe ukakijaza mama yangu.”

Akaiweka flashi mezani, akaondoka.

Abdulnasir alipiga simu, haikupokelewa. Alituma ujumbe wa sauti, haukufunguliwa. Alikwenda kwenye vibanda, kimoja baada ya kingine, akiomba wakifute kile kipande, wakafuta mbele yake, na njiani akakisikia kwenye simu ya muuza karanga. Alizima spika za duka. Alipoletewa kazi ya kutafsiri alisema koo linamsumbua. Wenzake wa stendi walimtania kwamba ameingiwa na pepo wa kike wa magofu ya Kaole, na yeye mwenyewe jambo lililomwingia hakulijua jina. Alilala na kuamka na mlango wa nyumba ambayo hajawahi kuingia.

Wahida naye alikuwa anapamba maharusi wa watu kwa mikono mizito. Chuki aliyoitafuta moyoni hakuipata. Alipata hasira, na chini ya hasira alikuta anataka kumpigia kumwambia jambo jipya aliloliona kwenye korido. Maana filamu alikuwa nayo kwenye laptopu, na aliitazama mchana baada ya mchana, sehemu ile ya mlango, machozi yakimtoka bila sauti.

Hapo ndipo Sikuzani alipomwona dirishani, akauliza swali lake ukutani.

Sikuzani hakuridhika na lile jibu la Mola. Alimtazama jirani yake akichagua mchele uliokwisha chaguliwa, akatambua kwamba amejeruhi mahali asipokusudia. “Sikusemi wewe, dada,” alisema. “Namsema mwanao. Ana filamu yake ya mlango, ndiyo ile ile iliyotoka na zile hodi. Na mimi siku ile kuifungua kwa sauti sikujua. Wallahi sikujua.”

Bi Mize aliuweka ungo chini. Alikwenda chumbani kwa Wahida, akakaa ukingoni mwa kitanda, akataka kuelezwa. Wahida alimweleza yote, akilia, pamoja na ile habari ya posa isiyo na pa kukaa. Bi Mize hakumkemea. Alimuuliza jambo moja tu, kama kijana huyo anaswali. Kisha akasema anataka kuiona filamu yenyewe, na aliyeisemea aje aitazame nao akiwa kimya.

Abdulnasir alikuja siku ya pili, ameoga, kanzu nyeupe, kofia imekaa sawa, uso umepungua. Wahida alipomfungulia hawakutazamana. Alimwamkia Bi Mize kwa adabu, shikamoo mama, na marahaba ikaja baada ya muda mrefu. Sikuzani aliitwa akae nao, na alikuja mbio kidogo kuliko umri wake. Wakakaa ukumbini, laptopu juu ya kigoda, na upande wa kulia, karibu kabisa na bega la Abdulnasir, ulikuwepo mlango wa sebule. Alijitahidi asiutazame.

“Kabla ya kuanza, mama,” alisema, “yale maneno hayakuwa yangu. Nimeyachukua. Nimekwenda kuyafuta, hayafutiki. Sina la kujitetea.”

“Nyamaza tutazame,” Bi Mize akasema.

Filamu ikaenda. Mwanamke wa nchi ya baridi akaosha kikombe chake. Sikuzani aliuliza lini wanaanza, hakujibiwa, akauliza tena kama ndiyo wameanza. Mwanamke akakunja shati la mwanamume, akalikunjua, akalikunja upya. Bi Mize aliyekuwa ameegemea ukuta aliacha kuegemea. Nje mwanga ulihama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Korido. Saa. Ncha ya mkeka ikacheza, na Sikuzani, bila kusema, akasogea akamshika Wahida kiwiko. Hakuna aliyeuliza tena lini wanaanza.

Picha ikasimama kwenye mlango. Ikakaa. Abdulnasir alikuwa ameuma midomo. Kimya cha kwenye laptopu kilichanganyika na kimya cha nyumba mpaka hukujua kipi ni kipi, na ilikuwa saa ile ile ya alasiri. Mwanamke wa kwenye filamu akainyoosha shingo kama anayesikiliza. Akashika kitasa. Mlango ukafunguka, na ndani palikuwa na kiti na dirisha, basi. Picha ikakitazama kile kiti muda mrefu mpaka majina ya watu yakaanza kupanda.

“Ndiyo mwisho huo?” Sikuzani alinong'ona. “Hapana hadithi hapo.”

“Hapana,” Bi Mize alikubali. Alijifuta uso kwa upindo wa kanga. “Lakini aliyeitengeneza hii kafiwa. Anajua mchana wake unavyokuwa.”

Bi Mize alimgeukia binti yake.

“Wahida. Unamtaka?”

Wahida alimtazama Abdulnasir kwa mara ya kwanza tangu aingie. Aliona mashavu yaliyopungua, na mikono iliyokaa juu ya magoti kama ya mtoto wa madrasa anayengoja fimbo.

“Nimemkasirikia, mama,” alisema. “Na namtaka. Yote mawili.”

“Hasira itakwisha?”

“Itachukua muda wake.”

“Nitangoja,” Abdulnasir akasema, sauti ile nzito ya spika imebaki kama uzi. “Safari hii nitangoja kweli, Wahida. Bila neno.”

Wahida aliinama, na mtandio ukamficha kicheko kidogo. “Tutaona, Mlingotini.”

Bi Mize alisimama. Alijishika kiuno, akavuka mswala wake, akaufikia mlango wa sebule. Wote watatu walimtazama mkono. Hakuuinua kubisha. Aliusukuma mlango kwa kiganja, nao ulikuwa umeshikana na fremu kwa unyevu wa miaka, ukakataa, akausukuma kwa bega ukaachia. Harufu ya vitabu na ubani wa zamani ilitoka ikawapita. Ndani palikuwa na giza la vumbi. Walisikia nyayo zake zikienda mpaka mwisho wa chumba, zikasimama hapo muda mrefu hata Sikuzani akaanza kusoma Ayatul Kursi kimoyomoyo. Walisikia Bi Mize akisema jambo kwa sauti ndogo mno, na kila mmoja wao alijizuia asilisikie. Kisha dirisha likafunguliwa.

Alipotokeza, macho yalikuwa mekundu na begani ameliweka busati kubwa la wageni, limekunjwa, linamwaga vumbi kila hatua. Abdulnasir aliinuka kumpokea, Wahida akamvuta kanzu akae.

“Wazee wako waje Ijumaa, baada ya swala,” Bi Mize alimwambia.

Akapita katikati yao na busati lake, akaufungua mlango mkubwa, akatoka barazani kulikung'uta, bila neno lingine.